Kutoka Kasapa si kusafishwa jina

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: rafiki yako aliyefungwa bila kosa ametoka gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi, kwa msamaha wa Rais, je, jina lake sasa ni safi? Hapana. Msamaha umemwondolea adhabu. Hukumu ingali pale pale. Aliyeachiwa kwa masharti baada ya robo ya kifungo naye yuko vilevile. Inaniuma kuona familia zinapika pilau siku hiyo, halafu zinaacha kesi.

Siku 10 za rufaa zimeshapita, na 40 za kwenda Kasasyo, mahakama ya juu inayopitia hukumu, pia. Imebaki revizyo, yaani kesi kufunguliwa upya na Mahakama ya Kasasyo kule Kinshasa, kwa sheria ya mwaka 2013. Huko kurudia tu kwamba "sikufanya" hakusaidii. Wanataka moja kati ya haya: mtu mwingine amehukumiwa kwa tendo lilelile na hukumu mbili hazipatani, shahidi amehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, kuna dalili kwamba anayesemwa aliuawa yu hai, au limetokea jambo, ama karatasi, ambalo halikujulikana kesi ikisikilizwa.

Hapo kwa shahidi ndipo wengi hukwama. Shahidi anajuta, anaandika barua, anaweka kidole cha wino, watu wanalia kwa furaha. Barua hiyo peke yake haifungui mlango huo, maana sheria inadai shahidi ahukumiwe. Basi ipelekeni parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, pamoja na malalamiko, na mfuatilie mpaka kesi ya huyo shahidi iishe.

Lakini rafiki yako aanze na hukumu yake mwenyewe. Aende kwa grefye, yaani karani, wa mahakama iliyomhukumu, aombe nakala iliyothibitishwa. Atahitaji namba: RMP ni ya parke, RP ni ya mahakama ya kwanza, RPA ni ya rufaa. Ziko juu kwenye karatasi zake za zamani. Bila namba, grefye atamzungusha wiki nzima kati ya rafu. Kabla hajaondoka, aangalie muhuri, sahihi, na kama kurasa zote zimo.

Kama hana pesa, baraza la mawakili lina ofisi ya ushauri wa bure. Aende na cheti cha ufukara. Ombi lenyewe la revizyo litiwe sahihi na wakili wa Mahakama ya Kasasyo, si wakili yeyote tu.

Akishinda, anaweza kudai fidia. Na mkewe ajue hili: hata mume akifariki, yeye na watoto wanaruhusiwa kuomba revizyo.

Akipata nakala, nitumie picha ya kila ukurasa.

Baba yako
Lubumbashi