Kabla Hujasimama Kwenye Mstari wa Komunyo

Kuna anayeinuka kwenda kupokea Komunyo, yaani Mwili wa Kristo katika Misa, kwa sababu benchi zima limeinuka. Kuna anayebaki amekaa mwaka baada ya mwaka kwa sababu anajiona hafai. Wote wawili wameruka hatua moja, ile Mtakatifu Paulo aliyoiagiza: mtu ajihoji mwenyewe. Maswali haya ni ya wasomaji wa Bagamoyo, na tunayajibu kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki.

Natoka Kerege na watoto kuwahi Misa ya saa 12:30 asubuhi. Je, chai na kitumbua vinanizuia kupokea?

Kabla ya Komunyo kuna mfungo wa saa moja bila kula, na saa hiyo huhesabiwa mpaka unapopokea, si mpaka Misa inapoanza. Misa ya Jumapili yenye mahubiri marefu na matoleo huchukua karibu saa nzima kabla ya kufika Komunyo, kwa hiyo aliyemaliza chai kabla hajatoka nyumbani hana shaka. Watu hujikwaa kwenye Misa za siku za kazi: ni fupi, na Komunyo huweza kufika ndani ya nusu saa. Maji hayavunji mfungo, wala dawa. Pipi huvunja. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na sharti hili. Bibi zetu walifunga tangu saa sita usiku, hata maji hawakunywa. Mwaka 1953 maji yaliruhusiwa, 1957 mfungo ukawa wa muda wa saa tatu, na 1964 ukabaki saa moja. Kilichobaki ni kidogo mno, tusikidharau.

Nimegombana na shemeji kwa ajili ya kiwanja na hatusalimiani. Nipokee?

Soma Mathayo 5:23-24 polepole. Bwana anamtuma aache sadaka yake madhabahuni mtu anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Hesabu inaanza na kosa lako wewe, si la shemeji.

Kesi ya kiwanja inaweza kuendelea barazani bila dhambi, maana kudai haki si chuki. Chuki ni kumtakia mabaya, kufurahia akifiwa, kuwakataza watoto wasicheze na wa kwake. Ikiwa umefika huko, usingoje hukumu ya kiwanja. Mfuate, au mtume mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Taja kosa moja waziwazi: “Nilikutukana mbele ya mafundi, nisamehe.” Ukisema “kama nimekukosea”, hujaomba msamaha, umempa mwenzako kazi ya kulitafuta kosa lako. Kisha ungama. Akikataa mkono wako, hilo halikuzuii tena.

Na onyo la kula “isivyostahili” katika 1 Wakorintho 11 lilitokana na jambo la namna hii hii: waliokuwa nacho walitangulia kula wakashiba, maskini wa kanisa lile lile wakabaki na njaa. Paulo alikuwa anawakemea kwa kumdharau ndugu.

Mume wangu ni Mwislamu, tulioana msikitini. Nasali kila Jumapili ila sipokei. Nimefungiwa milele?

Hapana, mama. Katika mji huu ambao misheni imekuwapo tangu 1868 pembeni ya misikiti mikongwe, si wewe wa kwanza kuuliza. Kwa sasa unafanya vyema kutopokea, kwa kuwa ndoa yenu haijabarikiwa Kanisani, lakini mlango upo na una hatua zake.

Nenda kwa paroko na cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, si kile cha zamani kilichokunjwa kabatini, kwa sababu kipya huonyesha kama una ndoa nyingine iliyoandikwa. Paroko ataomba ruhusa ya ndoa hiyo kwa askofu. Wewe utaahidi kulinda imani yako na kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Mumeo hatakiwi kubatizwa wala kuahidi lolote. Anaelezwa tu ulichoahidi, na wote wawili mnakubali kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, mpaka kufa. Kama ana mke mwingine, mweleze paroko siku ya kwanza. Kubariki ndoa hakuhitaji shela wala ukumbi, mashahidi wawili wanatosha. Wengi hukwama kwa kuchangisha sherehe ambayo hakuna aliyewadai.

Wakati unasubiri, fanya komunyo ya tamaa: wenzako wakienda mbele, mwambie Yesu kwa maneno yako kwamba unamtaka.

Nitajuaje kama dhambi yangu inanizuia?

Mambo matatu yakutane: jambo lenyewe ni zito, ulilijua hivyo, na ulilitenda kwa hiari. Hapo ungama kwanza. Kimoja kikikosekana, tubu pamoja na wengine mwanzoni mwa Misa na uende kupokea. “Ee Bwana, sistahili” husemwa na wote, padre akiwamo.

Katekista ananisahihisha kila mara ninavyopokea. Nakosea wapi?

Pengine kwenye Amina. Padre akisema “Mwili wa Kristo”, jibu kwa sauti kabla ya kufungua mdomo, kisha toa ulimi vya kutosha. Panaporuhusiwa mkononi, weka kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, na ule papo hapo, usitembee na Hostia, yaani mkate wa Komunyo. Hostia ikianguka, simama ulipo. Padre ataiokota kwa heshima. Ukirudi kwenye nafasi yako, tulia na Bwana kama robo saa. Kutoka altareni moja kwa moja kukimbilia gari la Dar ni kumwacha mgeni sebuleni ukaondoka.

Nimeacha pombe. Padre akichovya Hostia kwenye divai nifanyeje?

Mwone sakristia, chumba anakojiandalia, kabla ya Misa, umwombe Hostia isiyochovywa. Kristo yumo mzima katika Hostia peke yake, hupungukiwi kitu.

Nilipokea asubuhi, jioni kuna Misa ya ndoa. Naruhusiwa tena?

Ndiyo, mara ya pili, mradi ushiriki Misa hiyo yenyewe na si kuingia wakati wa Komunyo tu. Mara ya tatu siku hiyo hiyo ni kwa aliye katika hatari ya kufa.