Usikihukumu kitabu cha tano usiku uleule ulipokimaliza

Kwenye kikundi chetu cha kusoma, vitabu vinne vya mwanzo vya Harry Potter, yule kijana anayesoma shule ya uchawi, hupita salama. Watoto wanaazimana, wanasimuliana, wanalala navyo. Kikifika cha tano, ugomvi. Mmoja anasema kinaboa, mwingine anasema Harry kawa mkorofi, wa tatu anakirudisha hajafika hata nusu na kuomba cha sita. Tulianza na wanafunzi wa sekondari wa mtaani, siku hizi hata wazazi wao wanakuja Jumamosi, na kila kundi jipya linakuja na malalamiko yaleyale. Haya ninayoandika ni ya yeyote anayesoma mfululizo mrefu, au mwenye mtoto anayeusoma, akafika pale katikati ambapo hadithi aliyoizoea inamgeuka. Nitamtaja anayekufa. Kama hujafika huko, nenda kasome kwanza, utanikuta.

Kitabu chenyewe ni Harry Potter and the Order of the Phoenix. Kilitoka tarehe 21 Juni 2003, karibu miaka mitatu baada ya cha nne. Marekani peke yake ziliuzwa nakala milioni 5 siku ya kwanza. Cha kwanza, kwa chapa ya Uingereza, kilikuwa na kurasa 223. Hiki kina 766. Na mwandishi wake, J. K. Rowling, alikuwa ameshatangulia kusema kwenye mahojiano ya BBC kwamba kuna mtu muhimu anakufa humu, na kwamba baada ya kumuua alilia. Kwa hiyo watu walikifungua kwa hofu, kila mtu ameshamteua wa kufa na wa kupona. Miaka mitatu ya kusubiri inatosha msomaji kujitungia kitabu chake kichwani. Kile cha kweli kilipofika, kilikuta kiti kimeshakaliwa.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujasema kitabu ni kibaya, jiulize unagombana na nini hasa. Kuna mahali mwandishi ameteleza, na kuna mahali mwandishi amekunyima ulichokitaka. Hasira zake zinafanana sana usiku ule unapofunga ukurasa wa mwisho. Asubuhi zinaanza kutofautiana.

Kuteleza kupo, tusimtetee mtu. Hagrid, rafiki ya Harry anayefanya kazi shuleni, anarudi kutoka kwa majitu akiwa amevimba uso, anasimulia safari yake sura nzima, halafu baadaye tunapelekwa msituni kumwona Grawp, mdogo wake jitu aliyefungwa kamba kwenye miti. Hapo ndipo wasomaji wangu wengi wanaposinzia, na siwalaumu. Mwaka 2005 Rowling mwenyewe alikiri kwamba kitabu kingeweza kuwa kifupi zaidi. Ukisema kinarefuka bila sababu, una hoja, na mwenye kitabu yuko upande wako.

Lakini sasa njoo kwenye kioo. Baada ya Krismasi, Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, anampa kifurushi kidogo, anamwambia akitumie akimhitaji. Harry anaapa moyoni hatakigusa, maana hataki Sirius ajitie hatarini kwa ajili yake. Kinaishia ndani ya sanduku, kinasahaulika. Harry anadanganywa kwamba Sirius kashikwa kwenye Wizara ya Uchawi, anakimbilia huko kumwokoa, na Sirius akishakufa hukohuko, ameanguka nyuma ya pazia, ndipo Harry anapokifungua: kumbe ni kioo cha kuzungumzia, ambacho kingemwonyesha siku ileile kwamba Sirius yuko nyumbani salama. Watoto wakifika hapo wanafoka. "Si angefungua tu!" Wapo wanaosema mwandishi kazembea, kaacha tundu kwenye hadithi. Hapana. Mwandishi alikiweka kile kifurushi mbele ya macho yako, na wewe ulikisahau pamoja na Harry. Hapo umenyimwa, na umenyimwa kwa ustadi.

Aliyenionyesha hili vizuri ni binti wa kaka yangu. Vitabu vyetu vingi ni vya mitumba, tunavinunua vilivyopangwa chini kando ya barabara, na mitumba haifuati namba. Yeye alipata cha sita kabla ya cha tano. Alijua tangu mwanzo kwamba Sirius hayupo tena, kwa hiyo hakusoma kwa wasiwasi wa nani atakufa. Akaja na kitabu amekikunja kwenye ukurasa wa kifurushi: "Shangazi, mbona hakifungui?" Wenzake waliosoma kwa mpangilio walipita palepale mbio. Simshauri mtu asome kinyumenyume, ila nawaambia wote: kirudie mara ya pili ukiwa unajua mwisho. Ukishakuwa umelia, unaona.

Upande wa wazazi, kilio ni kingine kabisa: adabu. Sura ya nne Harry anafika nyumba ya Sirius London, anawakuta rafiki zake Ron na Hermione, na anawafokea kwa herufi kubwa, kurasa nzima nzima. Karibu na mwisho yuko ofisini kwa mkuu wa shule, Dumbledore, mzee mwenye ndevu za kufika kiunoni, anampigia kelele na kumvunjia vifaa vyake vya fedha. Baba mmoja kwenye kikundi alifunga kitabu, akauliza kama hiki ndicho tunachowasomesha watoto. Swali la haki, na sikupenda jinsi vijana walivyomcheka. Kwetu mtoto hamvunjii mzee vyombo hata akiwa na msiba.

Nilimwomba asome kurasa zinazofuata tu. Dumbledore hamkemei. Anamwambia aendelee kuvunja, vitu anavyo vingi mno. Halafu anakaa, na anafanya jambo ambalo vitabu vinne vyote vya nyuma havikulifanya: anakiri makosa yake kwa mtoto. Mwaka mzima amekuwa hamtazami Harry machoni, hasemi naye, na hakumweleza kwa nini. Alinyamaza kwa kudhani anamlinda, na kimya kile kilichangia kifo cha Sirius. Yule baba alirudi wiki iliyofuata hajabadili msimamo kuhusu vyombo. Lakini maongezi yalikuwa yameshahama. Tukashinda tukijadili mzee anapaswa kumwambia mtoto nini, na lini. Wazazi, hapo ndipo pa kukaa na kijana wako. Harry ana miaka 15, kaona mwenzake akiuawa kitabu kilichopita, gazeti linamwita mwongo, na watu wazima wanamwambia anyamaze. Hasira yake ina sababu. Hujaombwa uipende.

Ajabu ni kwamba Dolores Umbridge, mwalimu mwenye sweta ya waridi na sahani za picha za paka, huchukiwa na watu wote, wala hakuna anayesema kaandikwa vibaya. Anampa Harry adhabu ya kuandika sentensi moja tena na tena kwa kalamu isiyo na wino. Wino ni damu ya mwandikaji, na maneno yanajichonga mgongoni mwa mkono wake. Akitoa adhabu hiyo hafoki. Anakohoa kidogo, anatabasamu. Stephen King, mwandishi wa riwaya za kutisha, aliposifia kitabu hiki, alimsifia huyu mama hasa. Tukifika kwake kila mwanafunzi anataka kusimulia mwalimu wake, na mimi huwa nawaomba wasitaje majina.

Sasa yale ya kuchosha. Kabla hujayalaani, kumbuka mfululizo haujaisha. Sura ya sita ni ya kufanya usafi: watu wanapangusa makabati ya nyumba ile chafu, wanatupa takataka za ukoo. Hakuna sura inayorukwa kama hiyo. Katikati ya takataka kuna kidani kizito ambacho kila mtu anajaribu kukifungua na kinagoma. Nusu mstari tu, basi. Waliosoma mwaka 2003 walipita. Mwaka 2007 kitabu cha saba kilipotoka, ikabidi watu warudi kabatini, kwa sababu kidani kile ndicho kilikuwa kinatafutwa. Kwa hiyo unaweza kusema umechoka, hilo ni lako na hakuna wa kukunyang'anya. Kusema sura haina kazi, subiri kitabu cha mwisho.

Mambo madogo madogo ya kikundi. Anayelalamika aje na ukurasa. "Harry anaboa" haijadiliki. "Ukurasa huu Harry kaniboa kwa sababu hii" tunakesha nayo. Maoni ya wahakiki soma baada ya kumaliza, si kabla: mwaka 2003 A. S. Byatt, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliwasema watu wazima waliokuwa wanasoma vitabu hivi, na najua wasomaji wazuri waliovunjika moyo kwa makala ile kabla hawajagusa kurasa zenyewe. Filamu nayo iache hadi umalize. Kitabu hiki ndicho kirefu kuliko vyote saba, na filamu yake ya 2007 ilikuwa fupi kuliko zote zilizoitangulia; kioo cha Sirius humo hukioni. Na kifo usimtobolee mwenzio. Kila mtu siku hizi anadhani dunia nzima inajua, wakati kuna mtoto wa kidato cha pili anayekisoma leo kwa mara ya kwanza, na ana haki ya kushtuka kama tulivyoshtuka sisi.

Kama umekwama kabisa, mimi nakuruhusu uiruke sura ya 30, ile ya Grawp. Utamkuta sura ya 33, na utaelewa bila shida alitokea wapi. Ila ya sita isome, hata kwa kupiga miayo.