Diwani Mpya, Omba Jedwali la Vipimo Kwanza

Kila baada ya uchaguzi hunijia madiwani wapya waliopangwa kwenye kamati ya ujenzi, na karibu wote huuliza swali moja: tutajuaje kama fedha ya barabara, mtaro au soko imekwenda inakotakiwa? Nimekaa kwenye kamati hiyo kwa miaka mingi, katika halmashauri ya mji mdogo, na jibu langu halijabadilika. Omba jedwali la vipimo na bei, lile ambalo wahandisi na mafundi hulitaja kwa herufi zake za Kiingereza tu, BOQ (bill of quantities). Picha ya mradi na jumla ya mkataba vitafuata.

Jumla ya mkataba ni namba moja, na diwani akiitazama peke yake hana cha kuuliza. Jedwali lina mistari mingi, na kila mstari una kazi, kipimo, kiasi na bei: kuchimba mtaro kwa mita za ujazo, kupaka lami kwa mita za mraba, nondo kwa kilo. Katika mikataba mingi ya ujenzi mji haulipi ile jumla iliyotangazwa siku ya ufunguzi wa zabuni. Hupimwa kazi iliyofanyika kweli, ikazidishwa kwa bei ya kila mstari, na hicho ndicho mji unacholipa.

Hapo ndipo mkandarasi mjanja anapopata nafasi. Tuseme aliyeandaa zabuni alikadiria kwamba mwamba wa kuvunjwa ni mita za ujazo 40. Mkandarasi amekwenda eneo la kazi, ameangalia ardhi kwa makini, na anaamini mwamba utafika mita 400. Anaandika bei ya kuvunja mwamba mara tano ya ile ya kawaida. Kwa kuwa jedwali linaonyesha mita 40 tu, jumla yake haipandi sana. Kisha anashusha bei ya kujaza kifusi, kazi ambayo anajua itapungua. Zabuni zikifunguliwa, yeye ndiye wa bei ya chini na anapewa kazi. Mwamba unafika mita 400, kila mita kwa bei aliyoiandika yeye na mji ukaisaini, na ukitafuta sheria iliyovunjwa huioni.

Kuna na namna nyingine, ya kupakia bei mwanzoni. Kuleta mitambo, kujenga kambi na kusafisha eneo vinaandikwa kwa bei kubwa, na kazi za mwisho kwa bei ndogo. Kazi ikifika nusu, mkandarasi ameshachukua zaidi ya nusu ya fedha. Akiondoka, kinachobaki hakitoshi kumleta mwingine amalizie, na mtaro unabaki wazi barabarani watoto wakipita kwenda shule.

Kwa hiyo, kabla kamati haijapokea pendekezo la mshindi, taka taarifa ya tathmini iliyoweka makadirio ya mhandisi wenu na bei za wazabuni ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari. Mstari wowote ulio mara mbili ya makadirio, au nusu yake, upewe maelezo ya maandishi. Si lazima uwe mhandisi kuuliza kwa nini bei hii imepanda hivi. Na kabla ya zabuni kutangazwa, uliza kama mashimo ya kupima udongo yalichimbwa. Gharama yake ni ndogo, lakini ndiyo inayofanya kiasi kilichoandikwa kwenye jedwali kiwe karibu na ukweli. Halmashauri inayoruka hatua hiyo kwa kubana matumizi huja kuilipa kwenye mwamba.

Bei ya chini mno nayo ni hatari. Mzabuni aliye chini kabisa ya makadirio ama hakuielewa kazi, ama ana njaa ya malipo ya awali, ama anategemea kudai nyongeza baadaye. Mwulize aeleze kwa maandishi atafanyaje kazi kwa bei hiyo. Anayejua kazi yake ataleta hesabu.

Kuhusu wazabuni kupanga matokeo wao kwa wao, nitasema kwa ufupi dalili za kutazama. Kampuni zilezile kila mwaka, na ushindi unazunguka kwa zamu. Anayeshindwa leo anaonekana kesho kama mkandarasi mdogo chini ya mshindi. Nyaraka za kampuni mbili zina makosa yaleyale ya tahajia. Msidhani haya ni ya miji maskini. Katika jimbo la Quebec, Kanada, tume iliyoundwa mwaka 2011 chini ya Jaji France Charbonneau ilisikiliza kwa kirefu jinsi kampuni za ujenzi zilivyogawana kandarasi za jiji la Montreal, na ripoti yake ikatoka mwaka 2015. Ukiona dalili, usimtuhumu mtu kikaoni. Peleka barua kwa mkaguzi au chombo kinachosimamia ununuzi, ambatisha nyaraka, na uwaache wafanye kazi yao. Hapohapo angalieni kama kazi moja inakatwa vipande vidogo ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji zabuni ya wazi. Barabara moja yenye mikataba minne ya mtu mmoja haihitaji uchunguzi mrefu.

Mkataba ukishasainiwa, madiwani wengi huona kazi yao imekwisha mpaka siku ya kukata utepe. Mimi naona ndipo inapoanza. Adui mkubwa wa bajeti kipindi hiki ni kazi za ziada. Nyingine ni za haki kabisa: bomba la maji la zamani limekutwa chini, au kalavati lililochorwa haliwezi kubeba maji yanayoshuka mlimani. Lakini kila badiliko liandikwe, liwekewe bei na muda, na liidhinishwe kabla kazi haijafanyika. Neno "fanya tu, tutarekebisha karatasi" limeugharimu mji wetu kuliko mvua zote nilizoziona. Taka pia kila taarifa ya mwezi iwe na safu moja inayojumlisha mabadiliko yote tangu mwanzo. Badiliko moja la asilimia 2 halishtui mtu yeyote. Manane ya namna hiyo yameshapita akiba yoyote ya dharura mliyoiweka.

Na wewe diwani usiwe chanzo cha mabadiliko hayo. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeliona likiharibu miradi mizuri. Diwani anapita eneo la kazi, anamwambia msimamizi aongeze kivuko mbele ya nyumba fulani, kivuko kinajengwa, kisha ankara inaletwa. Anayetoa maelekezo kwa mkandarasi ni msimamizi wa mkataba peke yake. Ukiona kasoro, andika kwa mkurugenzi au mhandisi wa mji. Na kama una ndugu, rafiki au mshirika kwenye kampuni inayoomba kazi, tamka mapema, utoke nje ya kikao, na kutoka kwako kuandikwe kwenye muhtasari.

Nenda eneo la kazi, lakini nenda na jedwali na futi ya kupimia. Kama mtaro umeandikwa kina cha mita 1, pima. Zege lina vipimo vyake: kila linapomwagwa huchukuliwa sampuli, mara nyingi michemraba ya milimita 150 kila upande, ikavunjwa maabara baada ya siku 7 na siku 28. Nguvu ya siku 28 ndiyo inayolinganishwa na mkataba. Omba matokeo hayo yawemo kwenye faili kabla ya hati ya malipo kupita, na uangalie kama tarehe za kumwaga na za kuvunja zinaendana. Kwa barabara, uliza kipimo cha ushindiliaji, yaani jinsi kila tabaka lilivyogandamizwa. Tabaka lisiloshindiliwa huwezi kuliona kwa macho siku ya makabidhiano; utaliona mashimo yakianza.

Kuna utafiti ninaopenda kuwatajia madiwani, wa mchumi Benjamin Olken, uliochapishwa mwaka 2007. Alifuatilia miradi ya barabara katika vijiji zaidi ya 600 nchini Indonesia. Wahandisi walichimba barabara zilizokamilika, wakapima vifaa vilivyotumika kweli, wakalinganisha na matumizi yaliyoripotiwa. Vijiji vilivyoambiwa mapema kwamba ukaguzi utafika kwa hakika vilipunguza fedha isiyoonekana kwa takriban asilimia 8 ya matumizi, ukilinganisha na vile ambavyo uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa mdogo, kama asilimia 4. Ninachokichukua hapo ni rahisi kutekeleza: tangazeni kwenye nyaraka za zabuni kwamba mji utachimba na kupima baada ya kazi, wekeni fungu la kufanya hivyo, kisha fanyeni kweli.

Sasa niseme jambo ambalo halmashauri hazipendi kulisikia. Wakati mwingine mwenye kosa ni sisi. Mji unasaini mkataba ukitegemea ruzuku ambayo haijafika, ruzuku inachelewa, mkandarasi anasimamisha kazi, riba ya kucheleweshewa malipo inaanza kuhesabiwa, na mitambo iliyokaa bure inadaiwa. Kisha zabuni inayofuata wazabuni wote wanapandisha bei, kwa sababu wanajua mji huu haulipi kwa wakati. Wakandarasi wadogo wa hapohapo mjini, wasio na uwezo wa kukopa, hukimbia kabisa, na mnabaki na wawili watatu wakubwa mnaowalalamikia. Bei nzuri hununuliwa kwa sifa ya kulipa. Msisaini mkataba kabla ya mweka hazina kuthibitisha kwa maandishi fedha iko wapi na lini itaingia. Miradi miwili inayokamilika ni bora kuliko sita iliyoanzwa ili kila kata ipate jiwe la msingi.

Kama mnakopa, mkopo usiishi kuliko kitu mlichokinunua. Kulipia tangi la maji kwa miaka ishirini ni sawa. Kulipia ukarabati wa mashimo kwa miaka hiyohiyo ni kuwabebesha watoto wetu deni la lami ambayo hawataikuta.

Kazi ikikabidhiwa, bado mna fedha ya mkandarasi mkononi. Mikataba mingi huzuia asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo. Mara nyingi nusu ya hiyo hurudishwa kazi inapopokelewa, na nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ambao kwa kawaida ni mwaka mmoja. Andikeni tarehe ya mwisho ya kipindi hicho kwenye ratiba ya vikao vya kamati. Nendeni mkakague kabla haijafika, ikiwezekana mvua ikiwa inanyesha, maana mtaro usio na mteremko unajionyesha wenyewe maji yakituama. Orodha ya kasoro imfikie mkandarasi kwa barua yenye tarehe. Nimeona fedha hiyo ikirudishwa kimyakimya kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwenda kukagua, na mji ukarekebisha nyufa kwa fedha zake.

Matengenezo hayana utepe wa kukata, kwa hiyo hayana mtetezi. Kuwa mtetezi wake. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilieleza kwamba dola bilioni 12 zingetumika kwa wakati kutengeneza barabara za Afrika katika mwongo uliotangulia, zingeokoa dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Kuzibua mitaro kabla ya mvua, kuziba ufa ungali mwembamba, na kuzuia malori yaliyozidisha uzito, hivyo vitatu vinaweza kutosha kwa mji mdogo. La malori lina hesabu yake: majaribio yaliyofanyika Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito unaobebwa na ekseli, ule mhimili unaoshika magurudumu. Ekseli yenye uzito mara mbili huumiza barabara mara 16 hivi. Malori yaliyozidisha uzito yakiruhusiwa kupita kwenye mtaa wa makazi yanaweza kufuta kazi ya bajeti nzima ya matengenezo.

Wananchi nao wapewe namba, si hotuba. Porto Alegre, Brazil, ilianza mwaka 1989 kuwashirikisha wakazi kuamua sehemu ya bajeti ya uwekezaji ya jiji, na Ukraine mnamo Agosti 2016 ilianza kuzitaka taasisi zake zote za umma zifanye ununuzi kupitia mfumo wa mtandao ulio wazi kwa kila mtu kuutazama. Mji mdogo hauhitaji kusubiri mfumo. Bango eneo la kazi lenye jina la mkandarasi, bei ya mkataba, urefu na upana wa barabara, unene wa lami, na tarehe ya kumaliza linatosha kuanzia. Unene uandikwe kwa milimita. Mzee mmoja mwenye rula amewahi kutuletea taarifa bora kuliko ya msimamizi aliyelipwa.

La mwisho ni daftari. Mtakuta mhandisi mmoja anasimamia miradi mingi kuliko anavyoweza, na wengine huhama na kumbukumbu zao. Kamati iwe na rejista yake: jina la mradi, bei ya mkataba, mabadiliko, kilicholipwa, kilichozuiliwa, mwisho wa dhamana ya utendaji (ile ahadi ya benki au bima kuulipa mji mkandarasi akishindwa kazi), mwisho wa matazamio. Ukurasa mmoja kwa kila mradi, usomwe mwanzoni mwa kila kikao kabla ya ajenda nyingine, na nakala yake ibaki kwa katibu ili kamati itakayowafuata iikute.