Cheti kinasema 1994, wazee wanasema 1990: chama chetu kilianza lini?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama kidogo cha wakutubi wa sheria hapa Nairobi na tunataka kuandika historia yetu. Cheti cha usajili ni cha 1994, lakini wazee wetu wawili wanasema walianza kukutana 1990 wakiwa watu saba, kwenye laibrari ya ofisi moja ya mawakili, wakiazimana ripoti za kesi na Gazeti Rasmi la Serikali. Minitsi za miaka hiyo hatuna, tuna kitabu cha risiti tu. Mwenyekiti anasema tuandike 1994 yaishe. Kuna pia jamaa anayetengeneza vitabu vya jubilei, anasema anaweza "kurudishia" minitsi zilizopotea kwa bei nafuu. Tufanyeje?

JIBU: Huyo jamaa mfungieni mlango kwanza halafu tuongee.

Hili jambo la cheti naletewa na karibu kila chama kinachonusa jubilei, na kila mara nakuta watu wazima, tena watu wa maktaba za sheria jameni, wamekumbatia karatasi ya Msajili wa Vyama kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Sivyo. Sheria yenyewe mnayo hapo kwenye rafu, Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hebu mfungue kifungu cha 9 mkisome polepole: chama kina siku 28 baada ya kuundwa kupeleka maombi ya kusajiliwa. Baada ya kuundwa. Kwa hiyo hata sheria inajua kuna siku ya kuundwa na kuna siku ya kusajiliwa, ni vitu viwili, nyinyi ndio mnaong'ang'ania kuvifanya kimoja.

Najua mwenyekiti anaogopa nini, ingawa hujaandika. Anaona mkisema 1990 mtakuwa mmekiri kwamba mliendesha chama bila usajili miaka minne, na hiyo ina jina lake kwenye hiyohiyo Sura ya 108: chama haramu. Sasa rudini kwenye tafsiri ya maneno mwanzoni mwa sheria: chama kinachozungumziwa ni cha watu kumi au zaidi. Hao wazee walikuwa saba. Saba wanaokunywa chai na kuazimana vitabu hawana haja ya kwenda kwa Msajili. Swali la maana basi ni lini walifika kumi, lini walichagua viongozi, lini walianza kutoza ada kwa jina la chama, na hilo swali cheti hakiwezi kulijibu ila kile kitabu cha risiti mnachokidharau kinaweza.

Kichukueni mkae nacho mezani. Nakala za kaboni zimefifia, sawa, pelekeni karibu na dirisha mwanga uje kwa ubavu mtaona hata alama ya kalamu ilipokandamiza. Andikeni kila jina, tarehe, kiasi, na hasa yale maneno ya "kwa malipo ya". Mkiona mwanzoni imeandikwa "chai" halafu ukurasa fulani ghafla inaandikwa "ada ya uanachama", hapo ndipo kitu kilibadilika, na mkihesabu majina tofauti mtajua walikuwa wangapi. Kisha mwombeni Msajili mwone faili lenu, maombi ya kwanza na katiba iliyoambatanishwa, mlinganishe majina.

Na wala si nyinyi peke yenu. Chama cha wakutubi wa sheria wa Uingereza na Ireland, BIALL, kinajihesabu kuanzia 1969, lakini watu walikuwa wameshakutana Harrogate 1968 kwenye warsha iliyozaa wazo lenyewe, na hawafichi, wanataja yote mawili. Wamarekani wa AALL, chama chao cha wakutubi wa sheria, wanataja 1906 Narragansett Pier, Rhode Island, wakutubi wa sheria walipojitenga kando wakati wa mkutano wa chama kikubwa cha maktaba. Hapa kwetu Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kilianza 1956, mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikavunjika kila nchi ikabaki na chake, sasa ukimuuliza mtu chama cha Kenya kina umri gani lazima umuulize anahesabu kutoka wapi. Mwaka mtupu bila kusema siku hiyo kulitokea nini haumsaidii msomaji.

Sasa huyu fundi wa jubilei. Hawa watu wananikera kuliko mchwa. Anakuja na laptop, anawauliza wazee majina matatu manne, siku hizi anamalizia na AI, kesho yake mna minitsi za 1990 zimepangwa vizuri zina ajenda na "mengineyo", hata nani alifungua kwa sala. Halafu ukiangalia fonti, yaani mtindo wa herufi, ni Calibri. Pakistan 2017 familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif iliaibika kwa hilohilo, hati ya binti yake ya 2006 imechapwa kwa Calibri, fonti ambayo watu wa kawaida walianza kuipata 2007 na Office mpya ya Microsoft. Na hata asipokamatwa kwa fonti, hiyo karatasi haikai kwenye kitabu cha jubilei tu. Vyama vinagombana bwana, kuna akaunti, kuna ploti, kuna makundi mawili kila moja linasema ndilo halali, na siku wakifika kortini mtu ataambatanisha minitsi zenu kwenye hati ya kiapo. Wakutubi wa sheria wanaotunza ushahidi wa wenzao wakamatwe na ushahidi wa kughushi!

Pengo liacheni pengo. Andikeni "minitsi za 1990 hadi 1993 hazijapatikana" na muendelee, hakuna aibu hapo. Ila wale wazee wawili warekodini wiki hii, kila mmoja peke yake, kabla hawajaoneshwa kitabu cha risiti na kabla hawajakaa pamoja wakakubaliana tarehe. Na kama mmoja ana faksi za enzi hizo kwenye zile karatasi laini za kung'aa, zipigeni fotokopi leo, maandishi yake yanafifia, na tafadhali msizilaminishe, ile mashine ina joto na karatasi za faksi zikipata joto zinageuka nyeusi tii.