Maswali yenu kuhusu jina Yonathani

*Tumejaliwa mtoto wa kiume na tunataka kumwita Yonathani. Maana yake ni nini?* (Baba, Dodoma)

Hongereni sana! Ni maneno mawili ya Kiebrania yaliyoshikana: Yo, kifupi cha jina la Mungu, na natan, "ametoa". Yaani Mungu amejalia, kama ulivyosema mwenyewe. Nabii Nathani amebeba nusu ya pili peke yake, na Mathayo, "zawadi ya Mungu", ametoka kwenye shina hilohilo. Jirani yenu akiwa Ataullah, ana maana ileile kwa Kiarabu.

*Yona, Yohana na Yonathani si jina moja?*

Hapana. Yona ni njiwa. Yohana ni "Mungu ameonyesha neema".

*Mbali na urafiki na Daudi, Yonathani alifanya nini?* (Mwalimu wa Sunday school, Kisumu)

Mengi, na huwa inaniuma tunapoyaruka. Akiwa na mbeba silaha wake tu, aliparamia mwamba kwa mikono na miguu akaivamia ngome ya Wafilisti. Siku hiyohiyo alionja asali bila kujua kwamba baba yake, mfalme Sauli, ameapa mtu yeyote asile mpaka jioni. Sauli akataka auawe. Watu wakamkingia kifua. Hayo yapo 1 Samweli 14.

Hata huo urafiki wasomee watoto polepole. Yonathani ni mwana wa mfalme, kiti kilikuwa kinamngoja. Anavua joho lake anampa mchunga kondoo, pamoja na upanga, upinde na mshipi. Kwangu mimi, hapo aliyeitwa "Mungu ametoa" anatoa yeye mwenyewe. Alikufa vitani Gilboa pamoja na baba yake. Miaka ikapita, Daudi akamtafuta mwanawe Mefiboshethi, kilema wa miguu yote miwili, akamketisha kwenye meza ya mfalme.

*Ni kweli kamanda wa Israeli aliyeuawa Entebbe aliitwa hivyo?* (Msomaji, Jinja)

Kweli. Yonatan Netanyahu, kaka wa Benjamin Netanyahu, alizaliwa New York mwaka 1946 na kuuawa usiku wa kuamkia 4 Julai 1976, katika uokoaji wa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, Uganda. Ndege za makomando zilipitia Nairobi kujaza mafuta zikirudi, na operesheni ikaja kuitwa kwa jina lake. Tazama na ubini wake: Netanyahu ni natan na Yahu, maneno yaleyale yamegeuzwa. Usiku ule waliuawa pia mateka watatu na askari wengi wa Uganda, na hao nao walikuwa wana waliojaliwa kwao.

*Tuandike Yonathani, Yonatan au Jonathan?*

Yonathani ni ya Biblia yetu, Yonatan ya Waisraeli wa leo, ambao kwa kufupisha husema Yoni. Zote ni sahihi. Ila mkishachagua, iwe hiyohiyo kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na shuleni. Herufi moja ikipishana, mtoto atasumbuka siku ya kuomba pasipoti.