Figo imezibwa na jiwe na mgonjwa ana homa: antibayotiki peke yake inatosha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Rungwe. Jana jioni nilimpokea mama wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa viazi. Ana siku tatu za maumivu makali ya ubavu wa kushoto, homa ya nyuzi 39.2, na anatetemeka. Utrasaundi imeonyesha figo ya kushoto imetanuka na jiwe limekaa pale mrija wa mkojo unapoanzia. Kilichonichanganya ni kwamba mkojo, kwa kipimo cha kijiti, umetoka safi. Nimeanza antibayotiki ya seftriaksoni na dripu, na leo asubuhi homa imeshuka kidogo. Je, nimwangalie siku mbili tatu, au nimpe rufaa? Na huko Mbeya watamtoa jiwe?

JIBU: Marahaba. Ulipoleta swali nilikujibu kwa neno moja, mpeleke, na natumaini gari liliondoka mapema. Hapa naeleza sababu, kwa ajili yako na kwa matabibu wengine wa vituo vya huko milimani, maana ninyi ndio mnaomwona mgonjwa wa namna hii kabla yetu.

Mama huyu hana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kawaida. Figo yake imeziba, na mkojo uliokwama humo una maambukizi, unageuka usaha. Antibayotiki husafiri kwa damu, na ili ifike kwenye mkojo lazima figo iichuje. Jiwe likiziba mrija, shinikizo ndani ya figo hupanda, uchujaji hupungua, na damu inayopita humo hupungua pia. Dawa inafika kidogo mno pale penye usaha. Shinikizo hilohilo huwasukuma bakteria warudi nyuma hadi kwenye mishipa ya damu. Jipu hatulitibu kwa vidonge tukaacha kulitumbua, na figo hii ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu mgonjwa anayeongea vizuri asubuhi anaweza kuletwa jioni presha imeshuka, namba yake ya juu ikiwa 70, na hajitambui. Homa kushuka kidogo baada ya dozi ya kwanza, pengine na parasetamoli juu yake, isikutulize hata kidogo.

Kuhusu mkojo safi: mkojo ulioupima umetoka figo ya kulia. Ule wa kushoto haujafika kibofuni, umezuiwa na jiwe. Kijiti hakikukosea, kilipima figo isiyo na ugonjwa. Kwa hiyo penye homa, maumivu ya ubavu na figo iliyotanuka, kijiti kisafi hakiondoi hatari.

Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa takwimu za hospitali za Marekani kuhusu wagonjwa wa jiwe la mrija wa figo waliopata sepsis, yaani maambukizi yaliyosambaa mwilini hadi kuharibu kazi ya viungo. Ambao figo haikufunguliwa walikufa karibu 19 katika kila 100. Waliofunguliwa walikufa karibu 9. Na wote hao walikuwa wamelazwa hospitalini tayari. Kwa mtu aliyeko kilomita 70 na zaidi kutoka Mbeya mjini, barabara ikiwa na ukungu na mvua za Rungwe tunazozijua, kusubiri siku mbili ni kumnyima nafasi.

Sasa, tunafungua vipi? Njia ya kwanza ni kupitia mgongoni. Mgonjwa analala kifudifudi, tunachoma dawa ya ganzi chini ya mbavu, na tukiongozwa na utrasaundi tunaingiza sindano hadi kwenye chumba cha mkojo cha figo. Sindano hupitisha waya mwembamba, na juu ya waya tunapitisha mpira wenye upana wa milimita 3 hivi, unaobaki pale ukimwaga kwenye mfuko. Usaha unaotoka tunaupeleka maabara kuoteshwa, na hiyo ndiyo sampuli ya kuaminika kuliko mkojo wa kibofu. Njia ya pili ni kupita chini, kwenye njia ya mkojo, na kuweka stenti, yaani kimpira chembamba, ndani ya mrija kupita kando ya jiwe. Haiachi mfuko nje, lakini huhitaji chumba cha upasuaji, kamera na mara nyingi usingizi. Utafiti uliolinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 42, uliochapishwa 1998, haukuona moja ikiishinda nyingine. Mimi kwa mgonjwa aliyezidiwa napendelea mgongoni, kwa sababu ganzi tu inatosha na naona kwa macho kinachotoka. Asiyeganda damu vizuri au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, stenti inamfaa zaidi. Kwa hiyo taarifa ya dawa anazotumia isikose kwenye barua yako.

Jiwe siku hiyo hatuligusi. Ndugu wa mgonjwa hukasirika hapa, na ninawaelewa: wamekuja kwa ajili ya jiwe, wanaambiwa jiwe limebaki. Lakini kulivunja kunataka maji ya kusafishia yaingizwe kwa shinikizo, na kufanya hivyo ndani ya usaha ni kuwaingiza bakteria kwenye damu kwa mikono yetu wenyewe. Litatolewa wiki kadhaa baadaye, homa ikiwa imeisha na dozi imekamilika. Waeleze kabla hawajapanda gari.

Kabla ya safari, chukua mkojo na damu ya kuotesha kama una vifaa, kisha antibayotiki ya mshipa bila kuchelewa. Dripu mpe, lakini kwa kipimo, huku ukisikiliza kifua: utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017 ulionyesha kuwa wagonjwa wa sepsis wenye presha ya chini waliojazwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi. Usimpe dawa ya kukojoza ili "kulisukuma jiwe", inaongeza shinikizo. Sindano ya diklofenaki, ambayo mkono wetu huikimbilia kwa maumivu ya jiwe, iache. Inaiumiza figo iliyo taabani tayari. Antibayotiki ya jentamisini nayo inaweza kuiumiza figo, usiirudierudie kabla hujajua kriatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo. Kwenye fomu ya rufaa usiandike "UTI kali", maana atapangwa foleni na wengine. Andika "figo iliyoziba yenye maambukizi", kisha piga simu uyaseme maneno hayohayo kwa daktari wa zamu. Na ukimpata mwenye figo moja, au aliyeziba pande zote mbili, hiyo ni dharura hata bila homa.

Akirudi kwako na mpira mgongoni, hakikisha haujakunjwa wala kufungwa, na ukiacha kutoa mkojo huku homa ikianza, mrudishe siku hiyohiyo. Akirudi na stenti hutaona chochote nje, na hapo ndipo wengi husahau. Stenti ikikaa miezi mingi huota mawe juu yake, na kuitoa inakuwa kazi kubwa kuliko jiwe la kwanza. Kwa kawaida isizidi miezi 3. Andika tarehe ya kuitoa kwenye daftari lako la kliniki, chukua namba ya simu ya ndugu yake, na wiki mbili kabla ya tarehe umpigie.