Chagua Dakika Moja: Ninavyowakumbuka Wanasoka na Wasanii Waliotutangulia

Jumatano ya Novemba 25, 2020 Diego Maradona alifariki dunia, na kwa siku kadhaa simu yangu haikuwa na habari nyingine. Jumapili yake, tarehe 29, akafariki Papa Bouba Diop wa Senegal, akiwa na miaka 42 tu. Nilikutana na tanzia hiyo nikiwa nimeshachoka na vilio vya wiki nzima. Nikaandika "Pumzika kwa amani, mwamba", nikaweka alama ya mshumaa, nikaendelea na shughuli zangu.

Jioni kaka yangu akanipigia. Hata salamu hakutoa.

"Yaani Bouba Diop umemwandikia maneno manne?"

Nikamuuliza, sasa kaka, ningeandika nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umesahau ulivyonirukia mgongoni?"

Sikuwa nimesahau. Ila sikuwa nimejipa hata dakika moja ya kukumbuka. Ilikuwa Mei 31, 2002, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Seoul. Ufaransa walikuwa mabingwa wa dunia na wa Ulaya, Senegal ndiyo kwanza walikuwa wanaingia kwenye mashindano hayo. Dakika ya 30 El-Hadji Diouf akamwacha beki upande wa kushoto na kutia krosi ya chini. Petit na kipa Barthez wa Ufaransa wakababaishana, mpira ukamwangukia Diop, na Diop mwenyewe alikuwa ameshaanguka. Akaupiga akiwa chini vilevile, ukaingia. Kisha likaja lile ambalo mimi na kaka yangu tuliliiga kwa miezi: jezi ikavuliwa, ikatandikwa kwenye nyasi karibu na kibendera cha kona, na wachezaji wakaizunguka wakicheza kama watu wanaozunguka moto. Ikaisha moja bila. Mimi nilikuwa mgongoni kwa kaka yangu, napiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani, na siku ya msiba wake nikatoa maneno manne. Niliona aibu, nakiri. Ninachokuandikia leo kimetokana na aibu ile.

Tangu wakati huo nina daftari. Akifariki mchezaji, mwanamuziki au mwigizaji niliyempenda, siandiki kitu popote siku hiyo. Nakaa chini, namchagulia dakika moja. Siyo wasifu wake wala orodha ya vikombe na tuzo. Dakika moja aliyowahi kunipa, nikaiandika jinsi nilivyoiona, nani alikuwa pembeni yangu, tulifanya nini. Baada ya hapo namtafuta yule aliyekuwa pembeni yangu. Kama yupo hai, nampigia. Mara nyingi mazungumzo hayo huwa marefu kuliko tulivyotarajia, na mara nyingi yanahama kwa marehemu yanakuja kwetu wenyewe. Sioni ubaya wowote. Nadhani ndiyo kazi waliyotufanyia watu hawa wakiwa hai: walitukutanisha.

Pelé alipofariki, Desemba 29, 2022, nilishangaa kuona jinsi watu walivyoanza mahesabu papo hapo. Magoli yalizidi elfu moja au hayakuzidi? Ya mechi za kirafiki yahesabiwe? Nani mkubwa, yeye au fulani? Mwili haujazikwa, watu wanagombana. Mimi nilimwita mpwa wangu, wakati ule ana miaka kumi na mmoja, nikamwonyesha goli ambalo Pelé hakufunga. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1970, Brazil na Uruguay. Tostão anatoa pasi ya kupenyeza, Pelé anaukimbilia mpira, kipa Mazurkiewicz anatoka kumkabili. Kila mtu anategemea Pelé aguse mpira. Haugusi. Anauacha upite upande mmoja wa kipa, yeye anapita upande mwingine, anakwenda kukutana nao nyuma. Kipa amebaki hana wa kumkaba. Pelé anageuka, anapiga, mpira unapita nje kidogo tu ya mlingoti.

"Mjomba, sasa si amekosa?"

"Amekosa."

Akafikiri kidogo. "Hebu rudisha."

Tulirudisha mara sita au saba. Kwa mara ya mwisho hakuwa anaangalia mpira tena, alikuwa anaangalia mwili wa Pelé, jinsi bega linavyodanganya. Ningempa mtoto yule idadi ya magoli angeisahau kabla ya kulala. Bega lile hajalisahau mpaka leo, na yeye mwenyewe hulijaribu uwanjani.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndio huo, na hauhitaji ujuzi wowote: chukua kitu kidogo unachokijua kwa macho yako, mpe mtu ambaye hakukiona.

Nieleze pia kosa langu jingine, maana linahusu Pelé huyohuyo. Wiki chache kabla ya kifo chake, akiwa amelazwa São Paulo, tanzia ilitumwa kwenye kundi letu la simu. Ina picha nyeusi na nyeupe, ina tarehe, ina maneno mazuri. Nikaisambaza kwa watu kama thelathini. Haikuwa kweli. Mzee alikuwa hai, na binti yake Kely aliendelea kuweka picha kutoka hospitalini, baba na watoto wamekumbatiana. Niliposikia hivyo nilimfikiria yule binti akifungua simu yake na kukuta ulimwengu umeshamzika baba yake. Siku hizi nasubiri kauli ya familia au klabu. Hata ikichelewa kwa saa tano, nasubiri. Msiba hauna mshindi wa kuutangaza kwanza.

Na picha za ajali au za mgonjwa kitandani nazifuta bila kuzifungua. Hapo sina maneno mengi.

Kwa wasanii nimejifunza jambo tofauti kidogo. Mwanamuziki Tina Turner alipofariki Mei 24, 2023, akiwa na miaka 83, habari nyingi nilizosoma zilianza na ndoa yake ya kwanza, kipigo, damu. Ni kweli yalitokea, naye aliyasimulia mwenyewe kwa ujasiri, na wanawake wengi walipata nguvu kwa kumsikia. Lakini nilijiuliza, mtu akiishi miaka 83, kwa nini tumsimulie kupitia mkono wa aliyempiga? Alitoka kwenye ndoa hiyo mwaka 1976, na katika talaka alichong'ang'ania ni jina lake la jukwaani. Mwaka 1984, akiwa na miaka 44, umri ambao wengi walishamhesabu kuwa amekwisha, akatoa albamu iliyomrudisha juu kuliko alivyowahi kuwa. Januari 1988 aliujaza uwanja wa Maracanã kule Brazil. Kwenye daftari langu nimemwandika akiwa jukwaani, miguu ile, nywele zile, jasho linamtiririka, anacheka. Mama yangu mkubwa alipokuwa akimtazama kwenye televisheni alikuwa anasimama. Hakuwa anacheza, alikuwa anasimama tu, kama mtu aliyeingiliwa na mgeni wa heshima.

James Earl Jones naye, aliyefariki Septemba 9, 2024 akiwa na miaka 93, wengi tunamjua kwa sauti. Ndiye aliyekuwa sauti ya Mufasa, baba yake Simba katika filamu ya The Lion King, mwaka 1994 na tena 2019. Kilichonigusa si unene wa sauti ile. Utotoni alikuwa na kigugumizi kikali, akakaa karibu miaka minane bila kusema na watu, isipokuwa wachache wa nyumbani na mifugo. Ni mwalimu wake mmoja wa sekondari aliyegundua kwamba kijana anaandika mashairi, akamtaka asimame asome shairi lake mbele ya darasa. Alisoma bila kukwama. Nina rafiki ambaye mwanawe ana kigugumizi. Siku ya tanzia ile sikuandika hadharani, nilimpelekea yeye habari hii. Kwangu huko ndiko kumuenzi marehemu: kitu chake kikafike mahali kinapohitajika.

Utaniuliza, na wale waliokuwa na mabaya yao? Hapa nimebadilika. Zamani nilikuwa naamini marehemu hasemwi vibaya, basi. Lakini Maradona unamkumbukaje nusu? Juni 22, 1986, kwenye Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza, alifunga dakika ya 51 kwa mkono, na dakika ya 55 akauchukua mpira upande wake wa uwanja akawapita Waingereza mmoja baada ya mwingine mpaka kwa kipa. Dakika nne, mtu mmoja. Ukiondoa la kwanza umemtengeneza malaika ambaye hakuwahi kuwepo, ukiondoa la pili umemdhulumu. Ninachoomba ni subira. Siku zile za mwanzo, watoto wa marehemu wanapolia, si wakati wa kumfungulia mtu kesi. Mjadala wa haki utafanyika, na ufanyike kwa ukweli, lakini jeneza lipite kwanza. Na kama kuna watu marehemu aliwaumiza, tusiwalazimishe walie pamoja nasi.

Mwigizaji Chadwick Boseman alinifundisha kufunga mdomo hata kabla ya msiba. Miezi michache kabla hajafariki, Agosti 2020, watu walikuwa wakimcheka mtandaoni kwa jinsi alivyokonda. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana tangu 2016, akiigiza filamu moja baada ya nyingine kati ya operesheni na matibabu, na dunia haikujua. Alikuwa na miaka 43. Tangu hapo sisemi neno juu ya mwili wa mtu aliyepungua.

Nirudi kwa Bouba Diop, kwa sababu jambo lake bado linanisumbua. Alifunikwa na kifo cha mtu mkubwa zaidi. Hutokea hivyo mara nyingi, na anayefunikwa huhitaji mtu wa kumtafuta. Kwa hiyo kila msiba mkubwa unapotokea, natazama pembeni yake: nani mwingine ameondoka wiki hii?

Julai 3, 2025 hakukuwa na haja ya kutazama mbali. Diogo Jota wa Liverpool alifariki katika ajali ya gari mkoani Zamora, Hispania, akiwa na miaka 28, siku 11 tu tangu afunge ndoa. Ndani ya gari hilo alikuwepo mdogo wake, André Silva, miaka 25, mchezaji wa Penafiel huko Ureno. Liverpool waliistaafisha jezi namba 20, na mashabiki wakawa wanamwimbia Jota ikifika dakika ya 20. Ni heshima kubwa na aliistahili. Jina la André nililisikia mara chache mno.

Lakini niliangalia mazishi yao Gondomar, Ureno. Wachezaji wa Liverpool waliingia kanisani kwa miguu, mbele yao wawili wamebeba maua mekundu yaliyotengenezwa kwa umbo la jezi. La Virgil van Dijk lilikuwa na namba 20. La Andy Robertson lilikuwa na namba 30, namba ya André, mtu ambaye hakuwahi kuichezea Liverpool hata mechi moja.

Nilimpigia kaka yangu kabla sijaandika chochote. Yeye akapokea, akasema, "Umeona Robertson amebeba ya nani?"

"Nimeona, kaka."

Ukurasa huo wa daftari una namba mbili tu, 20 na 30, na tarehe.